Bibi Aliyeniambia Ameshapoa

Mimi si mtu wa maneno mengi, na shule yangu iliishia darasa la nne. Kutunga sijui. Haya nitakayokueleza niliyaona kwa macho haya mawili, na macho yenyewe ndiyo ushahidi wangu, kama utakavyosikia mwishoni. Ukitaka kuniamini, niamini. Usipotaka, sitagombana nawe. Nimechoka kugombana na watu juu ya jambo hili.

Ilikuwa miaka ya sabini, Stockholm, majira ya baridi yakianza. Tulikuwa tukikaa Jakobsberg, mimi, mume wangu na binti yetu Zuhura. Mume wangu alikuja kusomea ufundi wa umeme, masomo yakaisha, kazi ikapatikana, tukabaki. Mimi nilikuwa naosha vyombo katika jiko la hospitali. Basi siku moja ikaja simu ya maandishi kutoka Pangani: mama amefariki, na ameshazikwa.

Wajua kufiwa ukiwa mbali kulivyo? Huna jeneza la kutazama, huna kaburi, huna hata jirani wa kukuletea maji. Nilipiga ukunga mmoja tu. Wa pili sikuumaliza, maana jirani wa chini alianza kugonga dari yake kwa mpini wa ufagio. Ko, ko, ko. Zuhura akatoka chumbani akauliza kwa Kiswidi mama ana nini. Mume wangu akanishika bega.

"Shusha sauti, mama Zuhura. Watatuitia mwenye nyumba."

Nikanyamaza. Nikakimeza kile kilio kama mtu anavyomeza kidonge bila maji. Nikajiambia, nitalia siku ya arobaini. Tutaomba ule ukumbi wa chini ya jengo, waje wenzetu wa Mombasa, wa Kigoma, wa Bujumbura, tumsomee mama hitima, tupike pilau, na mimi nilie mpaka nitosheke. Machozi ya mama nikayaweka. Likumbuke neno hilo, kwamba niliyaweka.

Kilichokosekana ni sufuria. Sufuria za madukani kule ni za watu wawili na paka wao.

Nilimweleza Nakato, Mganda niliyekuwa nikifanya naye kazi jikoni. Alikimbia kwao mambo yalipoharibika, na katika dunia hii hakuna alichopenda kama kununua vitu vilivyokwisha kutumika.

"Dada, kuna nyumba huko Farsta wanauza kila kitu," akaniambia. "Ijumaa mpaka Jumapili. Wenyewe wanaita dödsbo."

"Ndiyo nini?"

"Mtu akikufa, vile vyote ameacha. Wanafungua mlango, watu wanaingia. Huyu anachukua kijiko, huyu anachukua kitanda. Siku ya kwanza bei iko juu. Siku ya mwisho wanakaribia kukulipa wewe ndio ubebe."

"Nyumba ya msiba, sisi tuingie kutafuta vijiko?"

"Bambi!" akaguta kwa Kiganda chao. "Msiba gani? Hawa hawakai matanga. Wewe unataka sufuria ama hutaki?"

Nilitaka. Ijumaa tukatoka kazini tukaenda.

Ilikuwa nyumba ya mbao, ya rangi ya manjano, mbali kidogo na kituo cha treni. Ndani watu wamejaa. Mmoja anageuza sahani kusoma chapa ya nyuma. Mwingine amevaa koti la marehemu anajitazama kwenye kioo cha marehemu, na mumewe anamwambia mikono mirefu. Droo zote wazi. Sikuona hata mtu mmoja aliyekaa. Kwetu ukiingia nyumba iliyofiwa unakaa, hata kama huna la kusema. Kukaa kwako ndiko kunakosema. Hapa kila mtu alikuwa amesimama.

Isipokuwa mmoja. Jikoni, kwenye benchi la mbao karibu na dirisha, alikuwa amekaa bibi kizee wa Kiswidi, sweta la kahawia, mikono mapajani. Vifungo vya sweta vyote vyeusi, kimoja chekundu. Watu wanampita wakifungua makabati kama vile yeye ni sehemu ya ukuta. Nikasema moyoni, huyu lazima ni ndugu wa marehemu, amekuja kuaga nyumba. Nikamwinamia kichwa. Naye akaniinamia.

Na sufuria ilikuwepo! Ya shaba, masikio mawili, pana ya kupikia watu wa shughuli. Aliyekuwa akiuza, mwanamume wa makamo mwenye macho ya mtu asiyelala, akataja bei. Nakato akacheka mbele ya uso wake.

"Rudini Jumapili," akasema yule bwana bila kuudhika. "Ikiwa bado ipo."

Jumamosi tukarudi kuiangalia, maana sikuwa na amani. Bado ipo. Nakato akatazama kulia, akatazama kushoto, akaichukua, akaifunika kifudifudi na kuisukuma chini ya lile benchi, mpaka ndani kabisa, katikati ya miguu ya bibi.

"Nakato! Hata samahani huwezi kusema?"

"Kwa nani?"

"Kwa mwenyewe."

"Mwenyewe amekufa, dada yangu. Hatadai sufuria." Akacheka, akanivuta mkono.

Nilimtazama bibi kwa aibu. Alikuwa amesogeza miguu kidogo, kuipisha sufuria. Sikufikiri zaidi. Nilikuwa nimeamka alfajiri, mgongo unauma. Mtu aliyechoka hachunguzi.

Jumapili nilikwenda peke yangu. Nakato alikuwa na zamu, nami nilitoka kwenye ya kwangu moja kwa moja. Ilikuwa alasiri, lakini majira yale kule alasiri ni usiku, giza linaingia watu hata chai hawajanywa. Nyumba ilikuwa tupu, inapiga mwangwi. Yule bwana alikuwa nje akipakia mabaki kwenye lori, akanipungia mkono niingie tu. Jikoni hata balbu walikuwa wameshaitoa. Mwanga ulikuwa wa theluji ya dirishani, basi.

Bibi alikuwa amekaa pale pale.

Huruma ikanishika. Siku zote hizo mtu amekaa kwenye nyumba ya nduguye, vitu vinatolewa kimoja kimoja mbele yake, na hakuna aliyempa pole! Na uchovu ukikuzidi, ulimi hurudi kwao. Sikuwa na nguvu ya kutafuta Kiswidi. Nikasema kama ambavyo ningesema Pangani:

"Pole, bibi."

Akaniambia, "Nimeshapoa, mwanangu."

Hivyo tu. Ndivyo tunavyojibu kwetu, siyo? Umepewa pole, unasema nimeshapoa. Lilikuwa jibu la kawaida mno hata halikunishtua. Niamini. Unapochoka kiasi kile, jambo la ajabu likija limevaa nguo za nyumbani, unalipisha lipite.

"Kaa," akasema.

Nikakaa. Benchi lilikuwa baridi, ubaridi unaopenya koti.

"Wamepita wengi," akasema. "Hakuna aliyekaa."

"Wana haraka, bibi."

"Na hakuna aliyelia." Akanigeukia. Uso wake ulikuwa mpole, siwezi kumsingizia ubaya. "Wewe unacho kilio. Kimekukaa hapa." Akanigusa kooni kwa kidole. Umewahi kushika chuma cha ngazi asubuhi ya baridi, ngozi ikanasa? Ndivyo kilivyokuwa kidole kile. Nikamweleza habari za mama. Nikamweleza na za ufagio.

Akatikisa kichwa. Kisha akasema neno ambalo nimelirudia kichwani miaka yote hii.

"Nililie, mwanangu."

Mimi nilielewaje? Nilielewa ananiambia nimlilie yeye kama mtoto anavyomlilia mkubwa wake, nimwekee kichwa begani. Sikupata kusikia maana ile nyingine, iliyo wazi kama mchana. Nikaweka kichwa kwenye lile sweta, nikalia. Nililia kwa sauti ya kwetu, ile ya matanga, yenye kupanda na kushuka. Nikamtaja mama kwa majina yake yote. Hakuna aliyegonga. Sijui nililia muda gani. Najua tu kwamba nililia mpaka nikahisi kitu kimekatika ndani, kama maji ya bomba yanavyokohoa yakikaribia kwisha.

Nilipoinua kichwa, yule bwana alikuwa mlangoni na kurunzi mkononi.

"Kumbe ulimfahamu shangazi yangu," akasema. Sauti yake ilikuwa imebadilika.

"Hapana, bwana. Namlilia mama yangu. Bibi hapa amenikaribisha tu."

Akamulika benchi. Tulikuwa mimi na ukuta.

"Bibi gani?"

Nikamweleza. Mzee, mpole, sweta la kahawia, kifungo kimoja chekundu. Bwana yule akakaa chini. Kwenye sakafu, na suruali yake nzuri. Alikuwa mtu wa kwanza kukaa katika nyumba ile zaidi yangu.

"Kifungo kile nilikishona mimi," akasema. "Nilikuwa mdogo. Alinifundisha kushona kwa kifungo kile, akakataa kukibadilisha maisha yake yote. Tumemzika na sweta hilo hilo." Akamulika benchi tena. "Alifia hapo ulipokaa. Alikaa hapo muda mrefu kabla ya mtu kuja. Nilikuwa na kazi nyingi. Hakuwa na mtu mwingine."

Nikamwuliza kama shangazi yake aliwahi kuishi Afrika. Akanishangaa. Hakuwahi kuvuka bahari, akasema, aliogopa meli.

Nikaivuta sufuria kutoka chini ya benchi. Nikatoa pesa ya sufuria ili niondoke, akaurudisha mkono wangu.

"Chukua bure. Wewe peke yako ndiye uliyemlilia."

Nilitaka kumwambia sikumlilia. Lakini pale pale ndipo nilipolisikia upya neno lake: nililie. Hakuniambia nilie kwake. Aliniomba nimwombolezee. Na mimi nilifanya, kwa sauti, mpaka tone la mwisho.

Kwenye treni nimeipakata ile sufuria, watu wananitazama, na neno la pili likanirudia. Nimeshapoa. Nikajigusa kooni, pale aliponigusa kwa kidole, bado pana baridi. Bibi wa watu hakunidanganya hata kidogo. Alisema kweli tupu, alikuwa ameshapoa.

Arobaini ya mama ilifanyika. Ukumbi ulijaa. Asubuhi tulikaa na Nakato tukikata vitunguu vya pilau, lundo zima. Nakato machozi yanamtiririka anatukana vitunguu kwa Kiganda.

"Wewe dada macho yako ya mbao?" akanitania. "Hata kupepesa?"

Nilikuwa sijatambua. Nikakata kingine, nikakisogeza karibu na uso. Hakuna kitu. Akaacha kucheka, akaniwekea kisu chini.

Hitima ikasomwa. Wanawake wakalia, hata wale ambao hawakumjua mama. Zuhura alimlilia bibi yake aliyemwona kwenye picha tu. Mimi nilikaa katikati yao nikingoja. Nilimkumbuka mama kwa kila namna, nikajifinya mkono mpaka ukawa na alama. Macho makavu kama kitambaa kilichopigwa pasi. Niliowakaribisha wakaniangalia pembeni. Pilau walisifu, sufuria walisifu.

Miaka ikapita, nikafika Pangani, nikasimama kwenye kaburi la mama. Dada yangu alianguka chini akalia kama msiba ni wa jana. Aliponiona nimesimama hivyo, akafuta uso akasema, "Wamekubadilisha moyo huko, mdogo wangu." Nilimweleza niliyokueleza wewe. Akavuta mtandio wake, akaondoka mbele yangu. Mume wangu naye alipofariki, Mungu amrehemu, nilimwosha, nikamvisha, nikampeleka. Bila tone.

Simlaumu yule bibi. Aliyekaa peke yake pale benchini muda wote ule, angeomba nini kingine? Na malipo alilipa, kupitia kwa mtoto wa kaka yake. Sufuria ninayo mpaka leo. Majirani huja kuiazima. Lakini hebu fikiria, mtu kuuza machozi ya mama yake kwa sufuria, na wala hakujua kama yuko sokoni.

Kwa hiyo nakuomba wewe unayenisikiliza. Ukiingia nyumba ya marehemu usiyemjua, nunua chako utoke. Ukimkuta mtu amekaa, mwulize kwanza yeye ni nani. Na ukimpa pole akakujibu ameshapoa, mshike mkono uone kama una joto kabla hujakaa.

Zaidi ya hayo, usiweke kilio. Usiseme nitalia kesho, nitalia watu wakija. Siku ile habari inapofika, lia hapo hapo. Na jirani akigonga kwa ufagio, mwache agonge.