Mama Odoyo na Meno Yaliyokataliwa Koleo

Kuna watu wanaokuja kituoni kutibiwa, na kuna Mama Odoyo, anayekuja kunifundisha kutibu.

Mimi naitwa Teodora, ni tabibu wa meno katika kituo cha afya kimoja hapa Mwanza mjini. Kwa miaka yote niliyoshika koleo sijakutana na mwanamke mwenye kichwa kigumu kama huyu mama. Anakaanga mapanki kule Kirumba, ile mifupa ya sangara inayobaki kiwandani minofu ikishapelekwa Ulaya. Ukipita kwenye kaango lake bila kumsalimia atakuuliza umelelewa na nani. Ni Mjaluo wa Rorya, mrefu, sauti inatangulia yeye anafuata, na akicheka utaona meno ya mbele ya chini hayapo. Hayakuoza. Yaling'olewa akiwa msichana, kwa mila ya kwao, yote sita kwa mkupuo mmoja. Atakusimulia hata usipomuuliza.

Alikuja kwangu mara ya kwanza mwaka tisini na nne, amembeba mjukuu wake Precious mgongoni. Mtoto wa miaka minne, amekonda, shavu amelishika kwa kiganja. Baba yake, Odoyo, alikuwa mvuvi, akafia ziwani, hivyo ndivyo watu walivyosema. Mama yake akaolewa kwingine. Kwa hiyo bibi alikuwa na huyu mmoja tu duniani, na huyu mmoja alikuwa hali chochote isipokuwa uji wa baridi.

"Shikamoo mama," nikamwambia.

"Marahaba. Ng'oa."

Nikamwomba kwanza nimwangalie mtoto. Magego yake ya chini yalikuwa yametoboka, mashimo meusi kama maharage yaliyoliwa na wadudu. Lakini fizi hazikuvimba, hapakuwa na usaha, na mtoto usiku alikuwa analala. Uozo ulikuwa haujafika ndani. Nikamuuliza bibi mtoto anakula nini, akanijibu kwa fahari kabisa kwamba anakula sukari. Sukari tupu, ya kumiminiwa kiganjani, na pipi, na soda akilia.

"Mimi nilipanga foleni ya sukari," akasema. "Nililala nje ya duka la ushirika nipate kilo moja, na Odoyo wangu akanywa uji wa chumvi. Sasa sukari imejaa kila kibanda, nimnyime huyu?"

Unamjibu nini mtu kama huyo? Nikamwambia sukari ndiyo inayomtoboa meno. Akaniangalia kama nimemtukana marehemu.

Nikamweleza kwamba sing'oi. Meno ya utotoni yana kazi, yanamshikia nafasi ya yale ya ukubwani, na mtoto anakaa nayo mpaka afike miaka kumi hivi. Nitayaziba. Mashine ya kutoboa meno tuliyopewa na wafadhili ilikuwa imefunikwa kitambaa pembeni, imeharibika na kipuri hakipatikani, lakini kwa kazi hii hata sikuihitaji. Tulikuwa tumefundishwa njia nyingine: unachukua vijiko vidogo vya chuma, unakwangua ule uozo laini kwa mkono, polepole, unakausha kwa pamba, kisha unashindilia dawa nyeupe inayokauka ikawa ngumu. Hakuna sindano. Hakuna koleo.

Precious akafungua mdomo, akanitazama muda wote, hakulia. Nilipomaliza nilijisikia vizuri sana. Nikamgeukia bibi nikitegemea asante.

"Hajalia," akasema.

"Ndiyo mama, hajaumia."

"Na damu iko wapi?"

"Hakuna damu."

"Kwa hiyo hukumtibu."

Jamani! Nikahesabu moyoni nisije nikamjibu vibaya mtu mzima. Yeye akaendelea, mbele ya foleni nzima, kwamba alitolewa meno sita bila ganzi na hakutoa chozi, kwamba dawa ya jino bovu ni kung'oa, hata mtoto mdogo anajua, na kwamba mimi nimemchukulia mjukuu wake kama ukuta wa kukandika. Wagonjwa wakacheka. Wawili wakaahirisha matibabu.

Nikamwambia jambo moja tu: asimpe kitu cha kutafuna kwa saa nzima. Saa moja, mama. Akaitikia. Alipofika Kirumba mtoto akasema jino haliumi na ana njaa, basi bibi akamkabidhi panki la moto, lile la kichwani, lenye mifupa kama misumari. Kesho yake amerudi, kipande cha dawa yangu amekifunga kwenye karatasi ya gazeti, anakiinua juu watu waone.

"Matope yako haya," akasema.

Ningekuwa na koleo mkononi sijui ningemng'oa nani. Nikakwangua upya, nikaziba upya. Safari hii nikamkalisha mtoto kwenye benchi langu saa nzima, na bibi akakaa pembeni akinilaumu kwamba samaki wake wanaharibika. Kuhusu sukari nilisema mpaka koo likakauka. Ni kumpigia mbuzi gitaa. Aliitikia kila neno, na nilipowasindikiza getini nikamwona anafungua pindo la khanga anamtolea mtoto pipi, eti kwa kuwa amevumilia.

Wiki iliyofuata nilikuwa natoka sokoni kununua dagaa, nikapita Kirumba. Jiko la Mama Odoyo limezimwa mchana wa biashara. Yeye mwenyewe yuko barabarani, amevaa kitenge cha kanisani, anamvuta Precious kwa mkono, na mtoto anakaza miguu asiende.

"Mnakwenda wapi?"

"Kwa Venant."

Venant nilimjua. Tangu biashara ifanywe huria kila mwenye chumba cha mbele amekuwa na duka la dawa, na huyu aliongeza na koleo. Watoto anashikiwa na wanaume wawili. Mara kadhaa nimeletewa waliotoka kwake, jino limekatika, mzizi umebaki, taya limevimba, na wazazi wanataka nifanye miujiza. Hasira zikanipanda hadi utosini. Nikasimama mbele ya yule mama, na mfuko wangu wa dagaa, nikamwambia hapiti.

"Mama, kwa heshima zote, wewe una akili gani? Meno yamezibwa. Mtoto anakula. Analala. Unataka Venant amvunje taya?"

"Toka njiani."

"Sitoki ng'o. Niambie, jino limekukosea nini?"

Watu wakaanza kusimama. Nilitegemea anitukane, na nilikuwa na majibu tayari. Lakini akauachia mkono wa mtoto, akaketi palepale kwenye gogo la muuza kuni.

"Odoyo hakufa maji," akasema.

Nikauweka mfuko wa dagaa chini.

"Watu wanasema ziwa, nawaacha waseme. Lilikuwa jino. Alikuwa kambini kisiwani anavua, likamuuma, wenzake wakampa vidonge wakamwambia vumilia, litatulia. Likatulia kweli. Kisha shingo ikavimba mpaka hapa. Hakuweza kumeza mate yake. Wakampakia kwenye mtumbwi wampeleke Sengerema, hospitali, hawakufika nusu ya njia. Nililetewa mtoto wangu shingo imekuwa sawa na kichwa." Akamtazama Precious. "Sasa na wewe unaniambia limetulia."

Hakusema uongo. Jino huua, lililofika usaha na likaachwa. Lakini hili la Precious halikuwa limefika huko, na hilo nalo lilikuwa kweli, ila nitamwonyeshaje?

Nikachuchumaa. Nikachukua mkono wake, mkavu, unanuka mafuta ya samaki, nikauweka chini ya taya la mtoto.

"Bonyeza. Kuna uvimbe?"

Akabonyeza muda mrefu, upande huu na upande ule.

"Hakuna."

"Kuna joto?"

"Hakuna. La Odoyo wenzake walisema lilikuwa linawaka."

"Basi kila Ijumaa mlete nimkague. Siku nitakayoona uvimbe, nitaling'oa mwenyewe, kwa ganzi, hata kama ni Krismasi. Nakuahidi."

Akasema sawa, ila akiona naremba maneno atakwenda kwa Venant. Tukarudi wote, akawasha jiko lake, akanikaripia kwamba nimempotezea wateja.

Tangu hapo, Ijumaa zangu zote ni za Mama Odoyo. Anafika kabla sijafungua mlango. Hapangi foleni. Anawaeleza wagonjwa wengine magonjwa yao, anakosoa ninavyonawa mikono, na mtoto akishakaguliwa ananiuliza kama nimeangalia vizuri, niangalie tena. Sukari amepunguza, anasema, na nikimwomba Precious aseme ukweli, Precious anacheka. Nimemwomba Mungu mara nyingi anipe Ijumaa moja tu ya amani.

Akanipa, mwezi uliopita. Saa mbili hayupo. Saa tatu hayupo. Nikaziba jino la mtu huku sikio liko getini. Saa nne nikajiambia labda wamepata msiba kwao. Saa tano nikaona shingo ya mtoto, imevimba, kwa macho ya moyo kabisa, nami nimekaa hapa na vijiko. Nikavua koti, nikafunga chumba wagonjwa wakilalamika, nikatembea kwa miguu mpaka Kirumba, na mwisho nilikuwa nakimbia, mwanamke mzima na viatu mkononi.

Mama Odoyo alikuwa anageuza mapanki. Nyuma yake Precious ameketi kwenye ndoo, anatafuna mfupa kwa gego, mashavu yote mawili sawa.

"Kwa nini hamkuja?" nikamuuliza.

"Leo gari la mapanki kutoka kiwandani limechelewa, nilikuwa na kazi. Nimemshika mwenyewe asubuhi, hana kitu." Akaniangalia miguu, akaniangalia usoni. "Uliogopa?"

"Niliogopa."

Akanisogezea kigoda, akarudi kugeuza samaki wake.

"Mimi ndivyo ninavyolala kila siku," akasema.