Baba wa Rangi ya Dhahabu

Hadi leo nikiona rangi ya dhahabu, hata kwenye kadi ya harusi, naona kinyaa.

Baba tulimzika kwao, mkoani, kama alivyotaka. Mama akabaki Kinyerezi kwenye nyumba waliyoijenga pamoja, na kila Jumapili akawa analalamika kwamba wajane wenzake wana kaburi la kwenda kupalilia, yeye hana pa kumwendea mumewe. Kaka yetu mkubwa ndiye aliyetoa wazo: tutengeneze sanamu ya baba, kichwa na mabega, tuiweke uani kabla ya ibada ya kumbukumbu. Mama alifurahi kuliko nilivyowahi kumwona tangu msiba. Akaomba kitu kimoja tu, kwamba fundi asisahau sikio la kushoto, lile lililochomoza kuliko la kulia.

Kazi ya kumfuatilia fundi niliangushiwa mimi. Karakana yake ilikuwa Manzese, nyuma ya wachomeleaji wa mageti, na kwa kweli palinitia kichefuchefu. Udongo wa mfinyanzi aliufunika kwa magunia yaliyolowa usikauke, nao ukawa unanuka mtaro. Ukutani walipangwa simba wa saruji wa kuwekwa getini, wote na meno ya binadamu, na tai waliofanana na kuku wa kisasa. Nikajiuliza, baba yangu atatoka humu?

Lakini fundi alipomaliza kusuka kiunzi cha waya akaanza kukivika udongo, nilisogea karibu. Aliitazama picha ya baba kwenye simu yangu, akakandamiza kidogo kwa kidole gumba chini ya mfupa, na shavu likabonyea vilevile lilivyokuwa. Akabandika sikio la kushoto, akalivuta nje. Nikalia palepale, na harufu yote ile puani, wala sikuona aibu. Aliponipa nafasi ya kujifuta machozi akanieleza kwamba udongo ni wa kutafutia sura tu. Sura ikikubalika, anaimwagia plasta apate kalibu, kisha kwenye kalibu anamimina saruji, na saruji ikishakamata haibadiliki. Kwa hiyo nipeleke picha nyumbani, ndugu waridhike kwanza.

Nikaituma kwenye grupu la familia. Bora simu ningeitupa kwenye mtaro.

Shangazi alisema kaka yake amekonda mno, watu watadhani hakuwa akilishwa. Baba mdogo akataka suti na tai, wakati baba alivaa tai mara mbili tu, siku ya harusi yake na siku ya kuzikwa. Mama hayumo kwenye grupu, na hakuna aliyekumbuka kumuuliza. Kesho yake kaka akaja Manzese mwenyewe na miwani yake ya jua, akaizunguka ile sura kama anakagua gari la mtumba.

"Fundi, mjazie mashavu," alisema. "Na hilo sikio lirudishe, linamshusha hadhi. Mgeni akiingia getini ajue kabisa hapa alikuwa anaishi mtu mzito."

"Sikio ameliomba mama," nikamwambia.

"Mama atazoea, sista."

Fundi alinitazama, akamtazama mwenye sauti, akachota udongo. Nilishuhudia yote. Mashavu yakavimba, kidevu kikapata mwenzake, shingo ikazama kwenye kola, na sikio likalazwa likalala. Hawakumtaka baba hata kidogo, walitaka mbunge. Saruji ilipokauka, kaka akachagua rangi ya dhahabu, eti sanamu za wakubwa ndivyo zilivyo.

Siku ya ibada mchungaji aliomba, kwaya ikaimba, kaka akavuta kitambaa. Lile jitu likang'aa kama sufuria jipya. Watu wakapiga makofi na kuinua simu, shangazi akapiga vigelegele, na mimi nikatamani kutapika kwenye maua.

Mama alikuwa amekuja na kigoda chake cha kukalia karibu na mumewe. Macho yake siku hizi hayana nguvu, kwa hiyo alikiweka chini akaanza kupapasa. Alipitisha kiganja shavuni, taratibu, akateremka kidevuni, akapanda tena upande wa kushoto. Alilitafuta sikio kwa muda mrefu. Makofi yakaisha, kila mtu akawa anamtazama. Mwishowe akauondoa mkono haraka, kama aliyemgusa mwanamume asiyemfahamu, akaufuta kwenye kitenge chake.

"Shikamoo," aliiambia, kwa adabu kabisa. "Unisamehe, mzee. Nimekufananisha."

Akachukua kigoda chake, akarudi ndani.