Mara Sita Bila Pole

Kwetu mtu akianguka, unasema pole. Hata kama hukumwangusha wewe, hata kama kajikwaa mwenyewe akitoka kunywa rubisi, unasema pole, unampa mkono, unamkung'uta vumbi, ndipo unaendelea na safari yako. Nimelelewa hivyo Kamuli, na sikuwahi kuona ubaya wake mpaka nilipoanza kucheza raga.

Raga tuliyofundishwa ni ile ya watu kumi na watatu. Timu yenye mpira ina nafasi sita. Mwenye mpira akikumbatiwa na kulazwa chini, hiyo ni moja. Anainuka, anausukuma mpira nyuma kwa mguu, mwenzake anauchukua na mchezo unaendelea. Wale waliomlaza wanatakiwa wakati huohuo wakimbie kurudi nyuma hatua kumi, wajipange tena kwenye mstari. Ikifika sita, mpira unakwenda kwa wengine. Sasa wewe mlaze mtu, mwambie pole, mpe mkono, mkung'ute nyasi mgongoni. Utakapogeuka, mpira umeshapita na mwenzako yuko peke yake anafukuzana na watu watatu. Hivyo ndivyo tulivyokuwa tukifungwa, kwa adabu.

Aliyetuletea mchezo huu ni mwalimu wa hisabati wa sekondari, mwanamke mwembamba mwenye sauti ya chini. Alisoma chuo ng'ambo ya mpaka, Uganda, akaucheza huko mpaka akavunjika kidole kimoja ambacho hadi leo hakikunjiki. Alipohamishiwa kwetu aliwakusanya waendesha bodaboda, wabeba magunia ya kahawa na wakulima wa migomba kama mimi, ambaye siku zisizo za shamba naendesha bodaboda pia. Tulimuuliza kwa nini sisi. Akasema amewaona watu wa hapa wakipanda kilima na mkungu wa ndizi begani bila kuuangusha, kwa hiyo mpira hauwezi kuwashinda. Ulitushinda, tena sana, lakini hakutucheka hata siku moja. Nilimheshimu kwa hilo kabla sijamheshimu kwa mengine.

Uwanja ulikuwa wa baba yangu. Mzee ana kipande cha rweya, yale majani ya wazi juu ya kibanja ambako tulichunga ng'ombe na kukata nyasi za kutandaza migombani. Alituazima akidhani mambo ya mpira yataisha baada ya wiki mbili. Yalipofika mwaka wa pili alianza kunikumbusha kwamba mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Nikamwambia jembe ninalo na migomba yake haijawahi kulala njaa. Mimi nina hasira za karibu, nimezirithi kwake, kwa hiyo mazungumzo yetu huwa mafupi.

Kilichomchosha hasa ni aibu. Tulikuwa tumevuka mpaka pale Murongo kwenda kucheza na timu moja ya huko, timu ambayo baadhi ya vijana wake wameshachezea nchi yao. Tulipigwa tusipate hata alama moja, na habari zilifika Kamuli kabla yetu, maana pale mpakani kila mwenye pikipiki ana ndugu huku. Mzee aliulizwa kanisani, tena yeye ni mzee wa kanisa, kama ni kweli mwanawe alipigwa kama ngoma. Wiki iyo hiyo akaanza kuotesha miche ya mikaratusi kwenye vifuko vyeusi vya plastiki, nyuma ya jiko.

Mwalimu alipowaalika wale wale waje kwetu, nilikwenda kumwomba Mzee ruhusa.

"Waje," akasema. "Mimi mgeni simzuii. Lakini Jumamosi nitakaa pale niangalie kwa macho yangu. Kama ni aibu ileile, Jumatatu napanda miti."

"Baba, hatuwezi kuwashinda hawa."

"Sijasema mshinde. Nimesema aibu."

Sikuelewa tofauti yake, na kwa kweli sikudhani ipo. Nilimpelekea Mwalimu habari nikitegemea atashtuka. Aliniuliza miche imefikia urefu gani. Nikamwonyesha kiganja. "Basi hatujachelewa," akasema, akarudi kusahihisha madaftari.

Ile wiki nilikuwa na uchungu moyoni. Pale Murongo, kwenye kijiwe chetu, kuna mwendesha bodaboda ambaye ndiye anayevaa jezi namba moja kwenye timu. Simu yake ina picha za mechi za mataifa, zile ambazo taifa kubwa linakutana na taifa dogo lililoanza juzi. Wakubwa wanakimbia, wadogo wanaanguka, na anayetangaza anacheka kidogo. Siku moja jamaa mmoja anayeshughulikia mizigo ya forodha alichungulia begani kwetu akasema hawa wadogo hawakupaswa kualikwa, wanaharibu mashindano. Nikamuuliza kama yeye alizaliwa anajua kujaza fomu. Tulikaribia kushikana mashati. Lakini nilipofika nyumbani nilijua kwa nini nimekasirika. Nilikuwa naanza kukubaliana naye.

Jumamosi wageni walivuka mpaka kwa miguu, mifuko begani. Waendesha bodaboda wetu waliwapakia wawili wawili kuja Kamuli. Yaani tuliwabeba wenyewe waje kutupiga. Nilimpakia mmoja peke yake, kwa sababu hakuacha nafasi ya mwenzake. Alikuwa na mapaja kama magogo, na alipokaa tairi la nyuma lililalamika. Njia nzima aliniuliza habari za bei ya kahawa, kwa Kinyankole chao ambacho na Kinyambo chetu ni mtu na ndugu yake.

Mistari tulikuwa tumeichora kwa majivu ya jikoni. Mzee alikuja na mwavuli, mabuti ya mvua na kreti tupu la soda, akakaa upande wa juu wa uwanja, kwa sababu rweya yetu imeinama na ukikaa juu unaona kila kitu. Wageni wakaenda wote kumwamkia. Akawapa kahawa ya kutafuna, punje mbili mbili, kama mgeni yeyote anavyopewa.

Kipindi cha kwanza sina haja ya kukirefusha. Walifunga mara nane, kila mara wakiuweka mpira chini nyuma ya mstari wetu kwa alama nne, na mbili zaidi teke la nyongeza likifaulu. Mimi peke yangu nilisema pole mara nne, na mara mbili nilimkung'uta mtu. Kila mara nilijua nimekosea nikiwa tayari nimeshainama. Mwili ulikuwa unafanya ulichofundishwa na mama. Mapumziko yalipofika ilikuwa arobaini na sita kwa bila, na watoto wa shule waliokuwa wakishangilia walikuwa wameanza kutafuta senene kwenye majani.

Nahodha wa wageni akaja tulipokaa. Alikuwa mtu mzima wa miaka thelathini na kitu, mpole, na alizungumza akiwa amechutama ili asitusimamie vichwani.

"Mwalimu, bila kuwakosea heshima. Tunaweza kuwapa watu wetu watatu wacheze upande wenu. Au tupunguze mwendo kidogo, watu wafurahi."

Mwalimu alituangalia sisi. Nakiri kwamba mimi ningekubali. Nilimtazama Mzee kule juu na mwavuli wake, nikaona miche ya mikaratusi imejaa uwanja mzima, na nikataka kitu chochote kitakachopunguza ile hesabu.

"Mmevuka mpaka kuja kucheza," Mwalimu akasema. "Chezeni."

Nahodha akaitikia kwa kichwa, akaondoka. Mwalimu akatugeukia na hakupandisha sauti.

"Sitaki mfunge. Msijisumbue na kufunga. Nataka kitu kimoja kabla jua halijazama. Mara sita. Muwalaze mara sita mfululizo, mrudi mstarini mara sita, bila mtu kusema pole."

"Na wakiumia?" akauliza namba moja.

"Utasema baada ya kipyenga. Pole haichachi."

Pamoja na yote waliyoambiwa, wageni walianza kipindi cha pili kwa huruma. Inaonekana haraka. Mtu anakimbia kama anayechelewa kidogo tu, anageuza bega ili umpate. Kisha kijana mmoja wao akautupa mpira kwa makusudi mikononi mwa namba moja wetu, njia ikiwa nyeupe mbele yake. Namba moja alisimama. Akautazama mpira, akamtazama yule kijana, akamwendea akamrudishia mkononi.

"Wewe, huu ni wako," akamwambia.

Refa alikaa na kipyenga mdomoni bila kujua apulize nini. Sheria ya jambo hilo sidhani kama ipo. Kule juu niliona mwavuli umefungwa na Mzee amesimama. Kijana wa watu alishika mpira wake akaona haya, na nahodha wao akamkemea kwa lugha yao, na kuanzia hapo walitupiga kweli. Nilijivunia mwendesha bodaboda yule kuliko nilivyowahi kujivunia mtu, nikasahau kwamba mwezi uliopita tuligombana juu ya abiria.

Walifunga tena na tena, lakini sasa walihema. Tulianza kurudi nyuma watu watatu, kisha saba, hatimaye kumi. Kila tulipofika mara nne mtu mmoja alisahau, akainama, akatoa mkono, na wakapita hapohapo. Mwalimu hakuwa akipiga kelele. Alitembea kando ya mstari wa majivu akionyesha vidole, ili tujue tumefika ngapi.

Zilipobaki dakika chache walikuwa karibu kabisa na mstari wetu. Moja. Tukarudi. Mbili, tukarudi. Mara ya tatu mbeba magunia mmoja alimlaza nahodha wao kwa heshima zote na akakimbia bila kumtazama. Nne. Ya tano ilinijia mimi, na aliyekuja nayo ni abiria wangu wa asubuhi. Nilijirusha kwenye magoti yake. Goti moja lilinipata mdomoni, naye akaenda chini kwa kishindo, kichwa kikagonga ardhi, na nikasikia pumzi imemtoka. Neno lilikuja mpaka kwenye meno. Nikalimeza pamoja na damu, nikakimbia kurudi. Haikuwa rahisi. Nilijiona mshenzi kwa hatua zote kumi.

Ya sita walimleta kijana yuleyule wa huruma, safari hii bila huruma. Watatu wetu walimkuta shibiri moja kabla ya majivu, wakamzuia hapo, wakamlaza. Mpira ukawa wetu.

Hakuna aliyepiga makofi. Watu walidhani tumekaba tu, kama mara nyingine zote. Mwalimu alikaa chini kwenye majani na kujifunika uso kwa ule mkono wenye kidole kisichokunjika. Nami nikatazama juu. Mzee alikuwa ameinua mikono miwili, mmoja vidole vyote vitano, mwingine kimoja. Alikuwa akihesabu.

Ilikwisha sabini na nne kwa bila. Kipyenga kilipolia nilimtafuta abiria wangu nikamkuta ananisubiri. "Pole," nikamwambia. "Pole sana, ndugu yangu." Akanishika bega akacheka, akasema alishaanza kudhani watu wa Kamuli hawana malezi.

Tulikula nyumbani kwetu, ndizi na nyama ya mbuzi, na wapinzani wakakaa kwenye mkeka mmoja na sisi. Mzee akamuuliza nahodha, kama anayeuliza habari za mvua, kama na wao waliwahi kupigwa hivi. Nahodha akanawa mikono kwanza.

"Mzee, mara ya kwanza nchi yetu kutoka nje kucheza, nusu yetu tulivaa viatu vya kuazima. Aliyekuwa akiandika alama aliomba karatasi nyingine. Tulicheza na wawili safari ile. Wa kwanza walituonea huruma, wakatuachia tufunge, wakatupiga picha. Hawakutuita tena. Wa pili walitupiga mpaka tukalia kwenye basi. Hao walirudi mwaka uliofuata, kwetu, kwa gharama zao."

Mzee aliwaongezea ndizi.

Jumapili alikwenda kanisani, akarudi akamwagilia miche. Jumatatu alfajiri alinigongea dirisha. "Lete miche," akasema. "Jembe ninalo."

Nilijaza beseni nikapanda nalo rweya, nimevimba mdomo na moyo. Nilitaka kumwambia mengi, na nilijua nikifungua kinywa nitamkosea heshima. Nikamkuta amesimama nyuma ya mstari wetu wa majivu, ule tulioulinda, anapima kwa hatua. Alipofika mahali akasimama, akarudi, akapima tena.

"Mtu akianguka na mpira nyuma ya mstari," akaniuliza bila kunitazama, "anahitaji nafasi kiasi gani asigonge mti?"

Akaongeza hatua mbili juu ya zile alizopima, akachora alama kwa kisigino.

"Tutapanda kuzunguka. Upepo wa hapa unasukuma mpira vibaya."

Niliharakisha kumpelekea beseni, na kwenye ule mteremko wenye umande mguu ukateleza. Nilianguka chali, miche ikanimwagikia kifuani. Katika maisha yangu yote sijawahi kuanguka mbele ya baba yangu asiniambie pole, hata alipokuwa amenichapa yeye mwenyewe. Nikasubiri mkono. Alinitazama pale chini, akaviacha viganja vyake juu ya mpini wa jembe, kisha akainua kidole kimoja.

"Moja," akasema. "Rudi mstarini."