Herufi Nene za Baba

Sisi tuliokulia Kasongo enzi zile tulianza kusoma kwenye kuta za maduka kabla mwalimu hajatushikisha chaki. Tukitumwa sokoni kununua mafuta ya mawese, tulisimama mbele ya kila kibao tukifuata herufi hewani kwa kidole, mpaka mama muuza mafuta atupigie kelele: "Munasoma ao munanunua?"

Vibao vingi viliandikwa na baba yangu. Herufi zake za awali zilinyooka kama wanafunzi mstarini. Halafu msimu mmoja wa mvua, akirudi kutoka Kabambare, pikipiki iliteleza kwenye tope ikamwangukia. Mkono wa kulia ulipona umepinda. Vidole havikuweza tena kushika burashi. Baba, aliyekuwa mcheshi kuliko wote mtaani, akawa anashinda uani kimya, bugali na sombe ya majani ya muhogo vikimpolea mbele yake.

Aliyemtoa pale ni Mama Salima, muuza wali na maharage wa karibu na soko. Alikuja na ubao wake begani, akamwita baba kwa jina langu.

"Baba Amina, uniandikie."

"Mukono imekufa, mama."

"Na ile ingine iko inafanya nini?"

Baba akacheka, mara ya kwanza tangu aanguke. Akaanza kwa mkono wa kushoto, ulimi nje kama mtoto wa primeri. Herufi zilikataa kunyooka. Alifuta, akarudia, akafuta tena. Mwishowe akaacha kuzilazimisha: akazinenepesha, akazipa matumbo na viuno, nyekundu zenye kivuli cheusi. WALI MOTO. Ile W ilikaa kama mama mnene kwenye kigoda, na zile O zilivimba kama mandazi ndani ya mafuta.

Ubao ulipotundikwa, watu walicheka sana. Nilimwona baba akiinama kukusanya makopo yake ya rangi ili aondoke. Mama Salima akamshika shati.

"Wewe, unakimbia nini? Wanacheka sababu iko tamu! Angalia, herufi zinacheza!"

Kweli zilicheza. Wiki haikuisha kabla wasusi na mafundi cherehani hawajaanza kubisha hodi kwetu, kila mmoja akitaka "zile nene". Timu ya mpira ikataka jina lake kifuani mwa jezi. Wafanyabiashara wa Salamabila nao wakaagiza, na baba, bila kutuambia kama anaogopa, akapanda tena pikipiki, safari hii nyuma ya dereva, kwenye barabara ileile iliyomwangusha. Hadi leo sijaona ushujaa mwingine wa kunishangaza hivyo.

Sasa vijana wetu wanaleta mabango ya plastiki yaliyotoka kwenye kompyuta, herufi zote mapacha. Hata wakituandikia kwenye simu wanameza nusu ya neno, kana kwamba wino unauzwa! Mabango yao ni safi, sikatai. Yanakuambia kinachouzwa, basi. Enzi zetu ulipita mbele ya duka, ukajua pia kwamba aliyeandika kibao chake alikuwa na furaha siku ile.