Hooyo Apanda Gari la Farasi Roma

Dada yangu Zeinab alijifungua mtoto wake wa kwanza mjini Roma, alikokuwa akiishi na mumewe, na mama yetu akaapa kwamba hakuna mjukuu wake atakayekua bila kupakwa samli kwa mkono wa nyanya yake. Ndiyo sababu tukaondoka Isiolo, mwaka wa 1979, mimi na mama. Sisi humwita Hooyo, yaani mama, kama Wasomali wote wa mjini kwetu wanavyowaita mama zao. Hakuwa amewahi kupita Nairobi.

Ndani ya ndege alisalimia abiria wote, "Salaam aleikum," mpaka wazungu wakaanza kuitikia kwa kichwa. Tulipopaa aliukamata mkono wangu kwa nguvu, kisha akachungulia dirishani na kucheka. "Fatuma! Mawingu iko chini, kama kondoo!"

Asubuhi ya kwanza Roma, kilichomtia wazimu ni maji. Yalitiririka kutoka mifereji ya barabarani usiku na mchana, na hakuna aliyepanga foleni na mtungi. Hooyo alisimama kwenye kila mfereji, akanywa, akanawa uso, akaniita na mimi. Kabla ya saa sita tumbo langu lilikuwa likicheza kama kiriba.

Tukafika Koloseo. Hooyo aliuzunguka ule ukuta mkubwa akiwa ameshika kiuno. "Hii boma ilikuwa ya ngamia ngapi?"

Zeinab, mtoto kifuani, alimweleza kwamba zamani watu walikuja hapo kutazama wenzao wakipigana na simba.

"Na walitoka nyumbani kuja kutafuta simba?" Hooyo alishangaa. "Sisi simba anatufuata mwenyewe."

Tulicheka mpaka mtoto akaamka.

Mchana tulikwenda kwenye chemchemi ya Trevi, yenye sanamu za farasi wanaochomoza majini. Umati ulikuwa mkubwa. Tuliinama kidogo tu kumfunga mtoto nepi, na tulipoinua vichwa Hooyo hakuwepo.

Kicheko chetu kilikatika mara moja. Hakujua Kiitaliano, hakujua mtaa tulimolala. Zeinab alianza kulia. Nilikimbia kona hadi kona, nikamwonyesha polisi kwa mikono urefu wa mama na shela yake ya kijani. Polisi alitikisa kichwa. Nilijiona nikirudi Isiolo peke yangu, nikiulizwa mlangoni, "Mama yako yuko wapi?"

Ndipo nikasikia kicheko chake, kutoka juu.

Gari la farasi lilijitokeza kwenye kona, na Hooyo ameketi nyuma kama bibi harusi, shela ikipepea. Mwendeshaji, mzee wa Kiitaliano mwenye pua nyekundu, alituinulia kofia. "Jambo, watoto!"

Kumbe Hooyo alikuwa amemwambia farasi pole kwa jua, kwa Kiswahili, na mwenye farasi ndiye aliyeitikia.

"Mimi kaa Nanyuki," mzee alitueleza tulipopanda. "Wakati ya vita ya pili ya dunia. Mfungwa. Kula ugali mingi sana!"

Hooyo alimwinamia mzee. Kisha akasema polepole, "Baba yangu alikuwa askari wa hiyo kambi. Alilinda nyinyi."

Mzee alivuta hatamu, farasi akasimama. Nilitamani kushuka.

"Askari moja alipiga mimi kiboko," alisema. "Ingine alipa mimi maziwa ya ngamia, mimi mgonjwa. Jina yao sijui."

Hooyo alifikiri. "Kama ni yule wa kiboko, nisamehe. Kama ni yule wa maziwa, tuzungushe tena."

Mzee aliangua kicheko hadi akafuta macho, akamgusa farasi, na tukaondoka mbio. Tulivuka mto, tukaliona kanisa la Mtakatifu Petro na kuba lake kama mlima, tukarudi tukipita nguzo na majumba nisiyokumbuka jina hata moja, wote tukipiga kelele, mtoto akirusha miguu.

Mwezi uliofuata tulirudi Kenya. Gari la binamu yetu lilipofika Nanyuki, Hooyo aliomba lisimame. Barabara hiyo tulikuwa tumeipita tangu utoto wangu bila kuuliza lolote. Alimsalimia mwanamke aliyeuza viazi kando ya njia, akamuuliza kambi ya wafungwa ilikuwa wapi. Mwanamke alionyesha kwa kidole upande wa uwanja mtupu, ambapo watoto walikuwa wakicheza mpira.

Hooyo aliwapungia watoto mkono. "Baba alisema tu kwamba alikuwa askari hapa, basi," alisema. "Na sisi hatukumuuliza." Kisha akaniambia niketi karibu naye, kwa maana kuanzia hapo mpaka Isiolo angenieleza kila kitu alichokijua, cha baba yake na chake mwenyewe.