Fundi Aliyekataa Kukataa

Mafunzo ya uandishi wa michezo ya kuigiza yalinipa jambo moja nililoliamini: hadithi inahitaji mtu anayetaka kitu, na kitu kinachomzuia. Basi nikaandikia kikundi chetu cha mtaani, hapa Gisenyi, mchezo wa mwanamke anayetaka kwenda kuuza vitambaa Goma, ng'ambo ya mpaka. Mumewe anakataa. Wanavutana, na mwishowe mume anakubali.

Sehemu ya mume nilimpa jirani yangu, fundi cherehani. Siku ya kwanza ya mazoezi, mwanamke aliyeigiza kama mkewe akaomba ruhusa. Fundi akajibu, "Bon, enda."

Mchezo ukaisha hapohapo.

"Kaka, unatakiwa ukatae," nikamwambia.

"Mi siwezi. Wateja yangu watakuwa pale. Watasema niko mutu mubaya."

"Lakini ni mchezo tu!"

"Mchezo iko yako. Sura iko yangu."

Nilimbembeleza, nikamchorea ubaoni mwanzo, kizuizi na mwisho. Akaitikia kwa kichwa kama aliyeelewa, kisha akaruhusu tena. Nilitafuta mwanamume mwingine, hakuna aliyetaka. Jioni ile nilirudi nyumbani kichwa kinaniuma kwa hasira.

Siku ya maonyesho aliniahidi kwamba atakataa. Ukumbi ulijaa. Mwanamke akaomba ruhusa. Fundi akawatazama watu, akatabasamu. "Enda, mama. Uuze vizuri."

Nilishika karatasi zangu, kurasa tele za mabishano ambayo hayatasikika kamwe. Ndipo mke wake halisi akasimama katikati ya watu.

"Kumbe unajua kusema ndiyo? Mi nakuomba kila siku niende Goma, unanikatalia. Uyu umemuruhusu mara moja?"

Ukumbi ukalipuka kwa vicheko. Fundi akajitetea, mkewe akamjibu, watu wakawachochea wote wawili. Baadaye watu walinipa mkono, wakisema nimetunga vizuri. Hakuna hata neno langu moja lililokuwamo. Niliwashukuru huku nimekunja uso.

Wiki iliyofuata nilipeleka suruali kushonwa. Fundi alikuwa peke yake. Mkewe alikuwa amevuka mpaka na mzigo wake wa kwanza.

"Ile mchezo yako imeniletea shida," akasema bila kuinua macho. "Donc mwisho yake ilikuwa nini?"

"Mume anakubali."

"Si nilikubali tangu mwanzo?"

Nilianza kumweleza upya habari ya kizuizi. Akaniambia suruali itakuwa tayari Ijumaa.