Kurasa Mbili za Chelangat

Nakumbuka Jumapili moja, mwanangu, mama yake Chelangat alipokuwa mgeni wetu hapa Kilburn, ughaibuni. Chelangat alikuwa mwenzangu wa maisha, mwandishi, wa jamii ya Ogiek wa msitu wa Mau. Mimi nesi kutoka Mombasa, msichana mwenye mdomo. Bi mkubwa alitukuta chumba kimoja, kitanda kimoja, wala hakuuliza. Aliuliza jingine.

"Rukia, mwanangu anaota kwa Kiogiek. Wewe utajuaje anaota nini?"

"Nitamuuliza asubuhi, Mama," nikamjibu huku nacheka. Sisi watu wa pwani ndivyo tulivyo, tunangoja dunia itujie kwa Kiswahili chetu.

"Kuna asubuhi hutamkuta," akasema, akaendelea kumenya viazi. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Langu lilivunjika, halijaunga hadi leo.

Chelangat alifariki kabla kitabu chake cha Kiogiek hakijatoka. Juzi kimefanyiwa hafla hapa mjini, kusherehekea waandishi wa jamii za asili walio wapenzi wa jinsia moja. Ukumbi ulijaa, nami, sikufichi, nilifurahi. Kijana mmoja wa kwao akapanda jukwaani kusoma. Nikamfuata kitabuni kwa kidole, maana kuna kurasa mbili jina langu limejaa, na hilo tu ndilo ninaloweza kulisoma. Nikangoja kulisikia. Alipofika hapo akaziruka.

Nikamfuata nje. "Nisomee mimi tu, mwanangu."

"Nisamehe, Mama. Hafla wanaitazama nyumbani mtandaoni, tena maneno yale siwezi kuyatamka kwa lugha ya mama yangu."

Wengine wa kwao niliowaomba hawapokei tena simu zangu. Wawezao kusoma hawataki, nitakaye siwezi. Nitakufa bila kujua aliniambia nini, na hilo linanitia uchungu kuliko kifo chenyewe.

Basi nakuusia, wewe mtoto wa dada yangu unayenijibu kwa Kiingereza. Ukimpenda mtu, jifunze lugha aliyonyonya kwa mama yake, tena mapema, usiseme mnaelewana inatosha. Na mwandishi msome yu hai, umuulize. Makofi ni rahisi, hata waliomkana Chelangat walipiga.

Mungu akupe umpendaye, mwanangu, na akupe watu wa kulitamka jina lako bila haya. Mimi wa kwangu alikuwa mmoja.